Makaunsela wapya na watoto wenye mahitaji maalum: zile siku chache za mafunzo zitumie hivi

Kila mwaka kuna vijana wetu wanaokuja Marekani kwa viza ya J-1 kufanya kazi ya ukaunsela, yaani kulea na kuongoza watoto kwenye kambi za kiangazi, viza ile unatakiwa uwe umefika miaka 18 na mwisho wake ni miezi minne, na wengine wanajikuta kambi yenye watoto wa usonji (autism), sindromu ya Down au mtindio wa ubongo na hawajawahi kukaa nao hata siku moja. Mi nilikuwa hivyo hivyo. Sasa hivi mi ndo nawaandaa wenzangu kabla watoto hawajashuka kwenye basi, alafu muda wenyewe siku tatu nne tu. Kama na we umetupiwa hiyo kazi, soma.

Anza kwa kuwatoa huruma. Najua inasikika vibaya ila nisikilize. Mwaka wangu wa kwanza kuna dogo mmoja nilikuwa namfunga kamba za viatu kila asubuhi, wiki mbili nzima, najiona mtu mwema kweli kweli, mama yake alivyokuja kumtembelea akaniuliza taratibu, mbona nyumbani anafunga mwenyewe? Anachukua dakika sita, ila anafunga. Sikuwa na jibu. Kwahiyo kisa hicho ndo nafungulia nacho mafunzo, alafu zoezi linafuata hapo hapo: kaunsela anavaa glavu nene, anafunga vifungo vya shati, wenzake watatu wamemzunguka wanampigia kelele harakisha harakisha, mwingine anamwashia tochi usoni. Akimaliza muulize alitaka asaidiwe nini. Karibu wote wanasema walitaka watu wanyamaze tu.

Slaidi za majina ya magonjwa, nusu saa inatosha. Mtu anaweza kukariri maana ya usonji na bado asijue huyu mtoto wa kitanda cha tatu akitaka choo anafanyaje. Hilo swali la choo ndo namba moja, mpigie mzazi kabla, muulize na anachopenda, kinachomkera, akianza kuchoka dalili yake nini, na akitoroka huwa anakimbilia wapi. Andika karatasi moja kwa kila mtoto, isizidi ukurasa, kaunsela wake aishike kichwani.

Kwenye kuongea, wafundishe kusubiri. Uliza kitu kimoja kwa maneno machache, hesabu moyoni mpaka kumi, ndo urudie, na urudie kwa maneno yale yale, maana ukibadilisha sentensi mtoto anaanza upya kichwani. Watengeneze kadi za picha wenyewe kwa mikono yao, "kwanza" upande huu, "halafu" upande ule: kwanza viatu, halafu mtumbwi. Na sisi Waswahili tuache ile "nakuja sasa hivi", sasa hivi yetu inaweza kuwa saa nzima na kuna watoto wanaipokea kama ilivyo, tumia taima ya simu. Jambo lingine, makaunsela wa Kimarekani wanapenda sana kumwambia mtoto niangalie machoni, sisi tumelelewa kutomkazia macho mkubwa kwahiyo hapo tuna unafuu, wasimlazimishe, anaweza kukusikia vizuri tu huku anaangalia majani.

Mtoto akilipuka, yaani analia, anajirusha chini, anapiga, sio utundu. Kuna kitu kimetangulia: kengele ya chakula, harufu ya jikoni, ratiba imebadilika bila kuambiwa. Mtu mmoja tu aongee, kidogo na kwa sauti ya chini, wahamishwe watoto wengine na sio yeye, asishikwe isipokuwa kuna hatari. Akitulia asihojiwe. Jioni ndo mnakaa mnaandika nini kilitokea kabla, baada ya siku tatu utaanza kuona kinajirudia.

Sasa maji. Hapa mi huwa mkali na sitanii. Karibu nusu ya watoto wenye usonji wamewahi kujaribu kutoroka, na wengi maji yanawavuta, kuzama ndo kunawaua wengi wa wanaotoroka. Kila mtoto awe na mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina kila dakika, na makabidhiano ni kwa mdomo, "nakuachia fulani", "nimempokea", asipojibu hujamkabidhi. Mtoto akipotea, mtu wa kwanza anakimbilia ziwani, sio vyooni, sio chini ya vitanda. Fanyeni zoezi lake, tena mara mbili.

Afya kwa haraka: dawa ni za nesi, kaunsela asiguse. Degedege likija, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, angalia saa, na mambo ya kijiko mdomoni muyaache kabisa, ikifika dakika 5 piga 911, namba ya dharura ya Marekani. Wenye sindromu ya Down wasipige sarakasi wala kuruka majini kwa kichwa mpaka daktari aseme shingo iko sawa. Chooni na bafuni kaunsela na mtoto wasibaki wawili peke yao kamwe, na mtoto anaambiwa kabla ya kuguswa.

Wakianza kuogopa kwamba hawana digrii, wape historia. Mwaka 1962 Eunice Kennedy Shriver, dada yake Rais Kennedy, alifungua kambi ya watoto wenye ulemavu wa akili nyumbani kwake Maryland, akachukua vijana wa sekondari na chuo, kila mtoto na kijana wake, wakaogelea na kucheza mpira, na 1968 ikaja Special Olympics ya kwanza, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, kule Chicago. Wale vijana hawakuwa wataalamu.

La mwisho, panga mapumziko kabla hujapanga michezo. Saa moja kila siku kwa kila kaunsela, bila mtoto, bila redio ya upepo, na mtu wa kumshikia nafasi ajulikane tangu asubuhi, kwa sababu kuna mmoja lazima Jumatano atalia nyuma ya jiko, mi mwenyewe nililia.