Somo: Namna ya kuanza insha ya fasihi unapoingia chuo kikuu

Insha yangu ya kwanza ya fasihi chuoni ilirudi ikiwa na mstari wa kalamu nyekundu uliokata ukurasa wote wa kwanza na nusu ya wa pili. Chini ya mstari mhadhiri aliandika maneno mawili: "Anzia hapa." Juu ya mstari ule nilikuwa nimepanga fasili za fasihi, ya mtaalamu huyu na ya yule, kisha historia ya ushairi, kisha maana ya dhamira. Shairi lenyewe nilikuwa bado sijaligusa. Niliumia sana, maana fasili zile nilizitafuta maktaba siku tatu.

Sasa naongoza semina za mwaka wa kwanza, na kila muhula napokea kurasa za namna ileile. Nyuma ya fasili zile namwona mwanafunzi mwenye akili na macho yake, ila hajaambiwa na mtu kwamba chuoni tunayataka macho yake. Basi tuanze pamoja, na tushike kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho ili tusielee hewani.

Tuseme umepewa swali hili juu ya utendi, yaani shairi refu la beti za mishororo minne: "Utendi wa Mwana Kupona unamdidimiza mwanamke." Jadili.

Hatua ya 1: Lisome swali kabla ya kitabu

"Jadili" maana yake umepewa dai, nawe uonyeshe lina ukweli kiasi gani na ukweli huo unakomea wapi. Si "eleza", wala si "taja". Kisha piga mstari chini ya neno lenye mzozo. Hapa mojawapo ni "mwanamke". Mwanamke yupi? Katika utendi huu wapo wawili: mama anayesema na binti anayeambiwa. Ukishaona hilo, umeanza kufikiri. Liandike swali upya kwa maneno yako juu ya karatasi, ulibandike mbele yako.

Hatua ya 2: Soma matini na penseli mkononi

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Mara ya kwanza soma moja kwa moja bila kuandika chochote. Mara ya pili weka alama kila neno linalokusimamisha, hata kama hujui kwa nini limekusimamisha. Mara ya tatu jiulize kwa nini.

Mambo machache ya kujua kwanza: Mwana Kupona binti Msham wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, alimtungia utendi huu binti yake, Mwana Hashima, mwaka 1858. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu kisiwani humo, na alikuwa mgonjwa. Utendi una beti 102, kwa lahaja ya Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu. Hayo yatosha kwa sasa. Utazame ubeti wa pili:

*Maradhi yamenshika*
*hata yametimu mwaka*
*sikupata kutamka*
*neno lema kukwambia*

Na wa tatu:

*Ndoo mbee ujilisi*
*na wino na qaratasi*
*moyoni nina hadithi*
*nimependa kukwambia*

Kidato cha sita tulifundishwa kuweka masanduku mawili: fani huku, maudhui kule. Mizani nane kwa kila mshororo, vina vitatu vinavyofanana, kina cha nne cha bahari, basi, alama mbili, tunasonga mbele. Chuoni masanduku hayo inabidi yafunguliwe yachanganyike. Tazama kina cha bahari kinavyofanya kazi. Katika beti zote mbili, mshororo wa nne unaishia kwenye "kukwambia". Sauti ile ya "-a" itaendelea kufunga kila ubeti mpaka mwisho wa utendi, na mapema hivi, mara mbili mfululizo, imekuja na neno la kusema. Kisha soma tena "sikupata kutamka". Mwaka mzima mama huyu ameugua bila kupata nafasi ya kusema. Sasa anaamrisha: njoo mbele, kaa, lete wino na karatasi. Anataka maneno yaandikwe, yabaki baada yake.

Hayo utayaandika pembeni kwa penseli: *nani anasema? nani ananyamaza?* Ukiwa na swali hilo mkononi, endelea kusoma. Utakutana na ubeti huu juu ya mume:

*Keti naye kwa adabu*
*usimtie ghadhabu*
*akinena simjibu*
*itahidi kunyamaa*

Mama aliyeomba wino ili aseme anamfundisha binti yake kunyamaza. Hapo lazima usimame. Nami kila mwaka nikifika hapo na wanafunzi, semina huwaka moto, na napenda iwake. Halafu mbele kidogo mama anasema habari za mume huyohuyo:

*Mtunde kama kijana*
*asiyoyuwa kunena*

Yaani mtunze kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Mume ambaye akinena usimjibu, sasa amekuwa mtoto asiyejua kunena. Neno "kunena" limerudi, lakini limegeuka. Ugunduzi kama huu hauupati kwenye fasili ya fasihi, unaupata kwa kusoma ubeti mara ya tatu.

Hatua ya 3: Tafuta hoja kuu, sentensi moja tu

Hoja kuu ni jibu lako la swali, jibu ambalo mtu mwingine mwenye akili anaweza kulikataa. "Utendi wa Mwana Kupona una mafunzo mengi" si hoja, kwa sababu hakuna atakayebisha. Jaribu hivi:

"Ingawa utendi huu unamtaka mke anyamaze mbele ya mume, unafanya hivyo kwa sauti ya mwanamke anayeamrisha wino na karatasi, na anayemwona mume kama mtoto wa kulelewa, kwa hiyo utiifu unaofundishwa humu ni maarifa ya kuishi ndani ya nyumba, wala si ushahidi kwamba mwanamke hana sauti."

Unaweza kuikataa hoja hiyo. Vizuri. Ndiyo maana inastahili insha.

Hatua ya 4: Tafuta ubeti unaokupinga

Wanafunzi wengi huruka hatua hii, kisha wanashangaa kupata alama za wastani. Hoja yangu ya hapo juu inagongana na ubeti huu:

*Siku ufufuliwao*
*nadhari ni ya mumeo*
*taulizwa atakao*
*ndilo takalotendewa*

Siku ya kufufuliwa, uamuzi ni wa mume: ataulizwa atakalo, na ndilo mke atakalotendewa. Hapa hakuna mtoto asiyejua kunena. Mume ndiye atakayesema, na mbele ya Mungu. Nikiuficha ubeti huu, insha yangu ni ya udanganyifu. Nikiuleta na kuupigania, labda hoja yangu itapungua ukali: nitakubali kwamba nguvu ya mama huyu ni ya duniani, na kwamba kwa habari za akhera anamkabidhi mume neno la mwisho. Hoja iliyopunguzwa namna hiyo ina nguvu kuliko ya kwanza.

Hatua ya 5: Panga aya, kila moja na kazi yake

Aya moja, wazo moja. Anza na dai dogo, leta mishororo, kisha kaa na maneno ya mishororo hiyo. Usinukuu ubeti halafu ukaandika "hii inaonyesha kwamba mwanamke anadidimizwa" ukaondoka. Ni neno lipi linaonyesha? Kwa nini "kunyamaa" na si "kutii"? Nukuu isiyochambuliwa ni mgeni uliyemwacha mlangoni.

Hatua ya 6: Sasa ndipo uwaite wahakiki na nadharia

Ufeministi (unaotazama nafasi ya mwanamke), umarksi (unaotazama matabaka), udhanaishi (unaotazama maana ya kuwepo kwa mtu): vyote ni vyombo vya kazi. Ukivichukua kabla ya kusoma, vitakusomea vyenyewe, na kila shairi utakalogusa litatoa jibu lilelile. Ukivichukua baada ya kusoma, vitakusaidia kulipa jina lile uliloliona. Wahakiki watatu uliowaelewa wanatosha kwa insha ya mwaka wa kwanza. Angalau mmoja awe wa kubishana naye.

Hatua ya 7: Andika utangulizi mwisho

Utangulizi una kazi tatu: kutaja kazi, kutaja mgogoro, kutoa hoja kuu. Nusu ukurasa. Fasili iingie pale tu ambapo neno lenyewe ndilo lenye ubishi, kama "kudidimiza" katika swali letu.

Marejeleo fuata mtindo wa idara yako, na andika jina la toleo ulilotumia tangu siku ya kwanza. Utendi huu uliandikwa kwa hati za Kiarabu na matoleo yake yanatofautiana tahajia na hata mpangilio wa beti, kwa hiyo "ubeti wa 40" bila toleo haumsaidii msomaji.

Maswali ya wanafunzi

*Shikamoo dada. Mimi natoka Rukwa, Kiamu hiki kinanishinda. Nusu ya maneno siyaelewi. Nifanye nini? – mwaka wa kwanza, Dodoma*

Marahaba mdogo wangu. Hata mtu wa Tanga hukwama, usijione mgeni. Jifunze mabadiliko machache ya sauti na mlango utafunguka. Penye *nj* ya Kiswahili sanifu, Kiamu mara nyingi kina *nd*: ndoo ni njoo, ndaa ni njaa. Penye *j* kina *y*: yuwa ni jua, mayi ni maji. Penye *ch* kina *t*: mato ni macho. Na *l* katikati ya irabu mara nyingi hudondoka: mbee ni mbele. Andika orodha yako mwenyewe unapoendelea kusoma. Zaidi ya hapo, ugeni wako una faida: unayakazia macho maneno ambayo sisi tuliyazoea tunayapita mbio.

*Mwalimu, hujambo? Nimetakiwa kurasa nane na hoja zangu zimeisha kwenye ukurasa wa tatu. Niongeze historia ya mwandishi? – Eldoret*

Sijambo. Usiongeze historia. Rudi kwenye nukuu zako, uhesabu umesema sentensi ngapi baada ya kila moja. Nadhani utakuta moja au mbili. Ubeti wa "keti naye kwa adabu" peke yake unaweza kukupa ukurasa mzima: kitenzi "keti" kinachoanza kama amri ya heshima, "adabu" na "ghadhabu" zinazofungwa na kina kimoja kana kwamba moja ni dawa ya nyingine, kisha "itahidi", yaani jitahidi. Kama kunyamaza ni kwa kujitahidi, basi mke huyu ana la kusema. Bado uko kwenye ubeti mmoja.

*Dada, mhadhiri wetu anaupenda sana ufeministi. Nikisema utendi haumkandamizi mwanamke atanifelisha? – Zanzibar*

Mpelekee hoja yako ya sentensi moja kabla hujaandika, saa zake za ofisi, umwombe akuonyeshe mahali dhaifu. Mwalimu aliyeulizwa mapema mara nyingi husoma kwa moyo mweupe. Halafu tazama: hoja niliyoiandika hapo juu ni ya kifeministi pia. Kuuliza nani ana sauti ni kazi ya ufeministi, hata jibu likienda upande usioutarajia.

*Vitabu vya nadharia tulivyopewa karibu vyote ni vya Kiingereza. Nikitafsiri inakuwa vurugu. – Morogoro*

Usitafsiri sentensi kwa sentensi. Soma kurasa tano, funga kitabu, mweleze mwenzako wa chumbani kwa Kiswahili ulichokisoma. Ukikwama katikati ya maelezo, ujue hapo ndipo hukuelewa, rudi usome. Yale uliyomweleza akaelewa ndiyo utakayoyaandika, na bado umtaje mwenye wazo na ukurasa wake.

*Naruhusiwa kuandika "mimi naona"? – mwaka wa kwanza, Dodoma*

Uliza idara yako, kwa sababu wengine wanakubali na wengine wanataka "insha hii inadai". Kwenye rasimu ya kwanza andika "mimi naona" bila woga. Ukishaona kweli, kubadili maneno mawili ni kazi ya dakika tano. Tuma aya yako ya kwanza hapa ukiwa tayari, ile yenye ubeti ndani yake, nami nitaisoma.