Mnunuzi Anapobisha Mlango: Namna ya Kuamua kwa Moyo na kwa Akili

Mnunuzi akiitaka nyumba ya urithi hapa Lamu kwa bei nzuri, aghalabu familia hugawanyika siku ile ile: mmoja hupiga hesabu, mwingine hulia, na kila mmoja humwona mwenziwe hana moyo au hana akili. Hudhaniwa kwamba uamuzi bora ni ule usio na hisia, na dhana hiyo si sahihi. Daktari wa ubongo Antonio Damasio alieleza habari za wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, wakabaki na uwezo wa kuchambua mambo vizuri huku hisia zao zikiwa zimefifia; mmoja wao alishindwa kuchagua baina ya siku mbili za miadi, kwa kuwa kila hoja ilizaa nyingine.

Kwa hiyo anza kwa kuahirisha jibu. Mnunuzi apewe siku ya kurudi, na arabuni yake, yaani malipo ya awali, isipokelewe, kwani fedha ikishaingia mkononi hata shauri hubadilika sauti. Siku za matanga pia hazifai kwa mazungumzo haya.

Kisha iulize hisia inalinda nini hasa. Nyumba ya bibi yetu, mtaa wa Langoni, ilipopata mnunuzi, dada yangu alisema haiuziki. Tulimwomba apite chumba kwa chumba atuonyeshe panapomuuma. Alipita daka la mlangoni na kiwanda, yaani ua wa ndani, bila neno, akasimama chumba cha ndani mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, pale bibi alipokuwa akiweka chetezo na chupa za marashi. Nami, niliyekuwa nikihubiri habari za boriti zilizoliwa na mchwa, nilipoulizwa swali lile lile nilijikuta nikikiri kwamba nimechoka kununua chokaa peke yangu kila mwaka. Nilichokiita hesabu kilikuwa kinyongo kilichovaa kanzu. Ndiyo maana sikubali kwamba katika familia kuna watu wa akili na watu wa hisia.

Hapo ndipo hesabu ya kweli inapohitajika. Ijulikane kwanza nyumba ni ya nani: katika mirathi ya Kiislamu fungu la mtoto wa kiume ni mara mbili ya la mtoto wa kike, na warithi wakihitilafiana, jambo hilo hupelekwa kwa kadhi. Fundi apime ufa na aseme gharama, akikumbuka kwamba mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na ukuta wa matumbawe haukarabatiwi apendavyo mtu.

Mnamo 1772 Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, alimwandikia rafiki yake barua akimweleza desturi yake: kuigawa karatasi safu mbili, kuandika sababu za kukubali na za kukataa kwa muda wa siku tatu au nne, kisha kufuta zile zenye uzito sawa. Njia hiyo inafaa, ila hisia nazo ziandikwe, tena kwa majina yake. Usiandike "kumbukumbu", andika "zidaka za bibi". Usiandike "gharama", andika "chokaa, na nani analipa".

Karatasi hiyo asomewe mzee asiye na fungu katika nyumba. Anayeswali istikhara, sala ya kumwomba Mungu mwongozo katika uamuzi, naye aiswali akiwa ameshafikiri na kushauriana. Wengi hungoja ndoto, ingawa dua yenyewe haikuahidi ndoto.

Karatasi yetu ilionyesha kwamba tulikuwa tukibishania mambo mawili kama kwamba ni moja. Tulipangisha ghorofa ya juu, chumba cha zidaka kikabaki na ufunguo wake kwa dada, na chokaa sasa kila mmoja huichangia kwa kadiri ya fungu lake.