Jinsi ya Kununua Prosesa Intel na AMD Zinapovutana kwa Bei

Bei ya prosesa ya kompyuta ya mezani, yaani chipu kuu inayoendesha kazi zake, ambayo hutengenezwa hasa na Intel na AMD, haitokani na gharama ya kuitengeneza peke yake, bali pia na kile ambacho mshindani amekwisha kukiweka sokoni. Kabla ya kutoa fedha, chunguza kwanza ni kampuni ipi iliyo mbele kwa wakati huo, kwa kuwa aliyeachwa nyuma ndiye hushusha bei, na aliyetangulia huipandisha bila kuona haya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 2019. Intel ilikuwa ikiuza Core i9-9980XE yenye viini 18 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) kwa dola 1,979. Mrithi wake, Core i9-10980XE, ambayo nayo ina viini 18 na imetengenezwa kwa teknolojia ileile ya nanomita 14, ilitangazwa kwa dola 979. Kilichobadilika ni jirani: AMD ilikuwa imeingiza viini 12 katika kompyuta za kawaida kwa dola 499, na vya 16 vilikuwa njiani.

Usidhani, hata hivyo, kwamba AMD ni rafiki wa mnunuzi kwa tabia. Ilipoongoza mwishoni mwa 2020, prosesa yake ya Ryzen 5 5600X ilitoka kwa dola 299, ilhali 3600X ya mwaka uliotangulia ilianza kwa dola 249, na 5800X ikauzwa bila feni ya kuipoza ndani ya boksi. Intel iliporudi na kizazi chake cha 12 mnamo Novemba 2021, AMD ilijibu Aprili 2022 kwa Ryzen 5 5600, yenye viini 6 vya kizazi kilekile na kasi pungufu kidogo tu, kwa dola 199. Kwa hiyo subiri iwapo kiongozi amepandisha bei na mpinzani wake ametangaza bidhaa yenye tarehe. Kama kilichopo ni tetesi tu, nunua unachokihitaji sasa.

Unapochagua, linganisha idadi ya viini, kasi na matokeo ya majaribio ya programu unazozitumia mwenyewe, kisha shuka ngazi moja kutoka toleo linalotangazwa zaidi. Mwaka 2017 Ryzen 7 1800X iliuzwa kwa dola 499, na 1700, yenye viini 8 vilevile, kwa dola 329. Angalia pia herufi za mwisho wa jina: prosesa ya Intel yenye herufi F haina sehemu ya kuonyesha picha, hivyo unafuu wake huyeyuka ukilazimika kununua kadi ya picha ambayo hukuipanga.

Mtego mkubwa zaidi umo kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu ambamo prosesa huchomekwa. Core i7-8700K ya Intel ya 2017 ilitumia soketi (tundu la kuchomekea prosesa) yenye jina lilelile la 1151, lakini rasmi haikukubaliwa na bao za kizazi kilichotangulia. Ryzen 7000 za 2022 zilihitaji ubao mpya wenye soketi ya AM5 pamoja na RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina mpya ya DDR5, wakati baadhi ya bao za Intel za kipindi hicho zilikuwa bado zikikubali DDR4 ya zamani. Kwa upande mwingine, bao nyingi za AM4, soketi ya AMD iliyotangulia AM5, zilipokea vizazi kadhaa vya Ryzen baada ya BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta) kusasishwa, basi mwulize muuzaji toleo la BIOS kabla ya kulipa.

Bei nilizozitaja ni za Marekani kabla ya kodi, na zile ambazo Intel huchapisha huwalenga wateja wanaochukua prosesa 1,000 kwa mpigo. Dukani Kariakoo au Nairobi utakuta zimeongezwa usafiri, ushuru na faida. Omba hesabu mbili zilizoandikwa, moja ya kila kampuni, zikijumuisha prosesa, ubao mama, RAM na feni, kisha ulinganishe jumla kwa jumla.