Jinsi ya kuandaa somo ambalo kila mtoto darasani ana kazi ya kufanya

Kabla hujafikiria mchezo, wimbo wala picha, andika sentensi moja: kipindi kikiisha, mtoto ataweza kufanya nini ukiwa unamtazama? "Waelewe sehemu" (yaani nusu, robo na kadhalika) halifai kuwa lengo la somo, maana kuelewa hakuonekani kwa macho. "Apange 1/2, 1/3, 1/4 na 1/8 kuanzia iliyo kubwa hadi iliyo ndogo, na aeleze sababu" linafaa, kwa kuwa utaona nani ameweza na nani bado. Lengo moja kwa kipindi linatosha. Ukiweka matatu, la tatu utalifundisha kengele ikilia.

Ukishapata lengo, tunga papo hapo swali la mwisho, lile ambalo kila mtoto atalijibu peke yake kwa maandishi, kwa mchoro au kwa kupanga vitu. Kisha rudi nyuma: ili alijibu, anahitaji kufanya nini kwanza? Walimu wengi huanzia kwenye zoezi linalofurahisha, halafu wakalitafutia lengo. Matokeo yake ni darasa lenye kelele za furaha ambalo watoto wake, ukiwauliza wamejifunza nini, wanakutajia mchezo.

Mada moja, umri mbalimbali

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mmarekani Jerome Bruner alieleza njia tatu ambazo mtu hushikia wazo: kwa kutenda, kwa picha na kwa alama. Kwa mwalimu huu ni mwongozo wa kazi hasa. Kadiri mtoto alivyo mdogo, ndivyo sehemu kubwa ya kipindi inavyopaswa kuwa ya kutenda, ingawa hata kijana wa miaka 13 anaposhika wazo geni kabisa hunufaika akianzia mikononi. Tuchukue mada ya sehemu.

*Miaka 4 hadi 5.* Hapa hakuna kuandika 1/2. Wazo lenyewe ni "sawa" na "si sawa". Mpe kila mtoto karatasi aikunje mara moja ili pande zote mbili zilingane. Halafu onyesha yako uliyoikunja vibaya makusudi, upande mmoja mkubwa, uulize: hii nayo ni nusu? Waache wabishane. Kipindi cha dakika 30 kikate vipande vinne vya dakika saba hivi, kukaa na kusimama vikipokezana. Toa agizo moja, subiri lifanyike, ndipo utoe lingine. Mikasi iache kabatini, isipokuwa kukata ndilo lengo lako; kwa umri huu kukata kunaweza kumaliza kipindi kizima. Wakunje, wachane kwenye mkunjo.

*Miaka 6 hadi 8.* Kanda za karatasi zenye urefu sawa zinatosha. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo inatoa kanda saba zenye upana wa sentimita 3. Darasa la watoto 40 wakikaa wawiliwawili, kila jozi ikipata kanda nne, unahitaji kanda 80, yaani karatasi 12. Ukanda wa kwanza ubaki mzima, wa pili ukunjwe nusu, wa tatu robo, wa nne vipande nane sawa. Theluthi iache kwa sasa: kukunja vipande vitatu sawasawa ni kazi ngumu kwa vidole vidogo, na ukanda uliokunjwa vibaya unafundisha uongo.

Kosa utakalokutana nalo hapa linajulikana: "moja ya nane ni kubwa kuliko moja ya nne, kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne." Usilisahihishe kwa mdomo. Mwambie aweke kipande cha moja ya nane juu ya kile cha moja ya nne, kisha umuulize: kitu kilekile ukikigawa kwa watu wengi zaidi, fungu la kila mmoja linakuwaje? Akilisema mwenyewe, litakaa. Baada ya hapo ndipo wachore, na mwisho kabisa waandike kwa tarakimu.

*Miaka 9 hadi 11.* Sasa kanda ziwe na urefu wa sentimita 24 kamili, na watumie rula badala ya kukunja. Urefu huo umechaguliwa kwa sababu: nusu yake ni 12, theluthi 8, robo 6, moja ya sita 4 na moja ya nane 3, zote sentimita kamili. Ukitumia 20 au 25, watoto watapotelea kwenye desimali na lengo lako litasahaulika. Wape tatizo: tafuteni vipande viwili ambavyo vikiungana vinatoa nusu. Wengi watapata robo na robo upesi. Theluthi na moja ya sita ndiyo itakayowaumiza kichwa, na hapo ndipo somo lilipo.

*Miaka 12 hadi 14.* Anza na ubishi. Andika ubaoni: 1/3 + 1/6 = 2/9. Waambie waonyeshe kuwa haiwezekani, bila kukokotoa jibu sahihi. (2/9 ni ndogo kuliko 1/3, itakuwaje uongeze kitu ukapata pungufu ya ulichoanza nacho?) Vijana wa umri huu huogopa kukosea mbele ya wenzao kuliko wanavyoogopa mtihani, kwa hiyo kwanza kila mmoja aandike kimya kwa dakika mbili, kisha azungumze na jirani, ndipo ulifungulie darasa zima.

Umri ni makadirio tu. Mtoto wa miaka 10 ambaye hajashika nusu anarudi kwenye kukunja, na hakuna aibu yoyote katika hilo, mradi wewe usiionyeshe.

Dakika 40 zinavyogawanyika

Mgawanyo unaofanya kazi mara nyingi ni huu: dakika 5 za kukumbuka la jana, 8 za jambo jipya, 7 za kufanya mfano pamoja, 12 za kazi yao, na 8 za swali la mwisho na kukusanya. Kugawa vifaa hula muda ambao hauonekani kwenye andalio. Weka kanda kwenye bahasha, moja kwa kila jozi, kabla ya kipindi.

Maswali ya mdomo yaandike mapema, matatu au manne, kwa maneno yaleyale utakayoyasema. Swali la papo kwa papo aghalabu huishia kuwa la ndiyo au hapana. Ukiuliza, nyamaza. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa katika miaka ya 1970, alikuta walimu wakisubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuendelea. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu, na "sijui" zikapungua. Taja jina la mtoto baada ya swali, si kabla, maana ukilitaja kwanza wengine wote wanapumzika.

Mahali somo linapoharibika

Mara nyingi ni pale vifaa vinapotolewa kabla ya maelekezo. Mtoto mwenye karatasi mkononi hasikii tena. Eleza kwanza, mwite mmoja arudie kwa maneno yake, ndipo ugawe.

Makundi ya watoto sita ni makubwa mno: wawili wanafanya kazi, wanne wanatazama. Jozi, au watatu.

Wanaomaliza mapema usiwape maswali zaidi ya aina ileile, kwani wataona wepesi unaadhibiwa. Wape swali la kina: tunga tatizo ambalo jibu lake ni 1/6.

Darasa likiwa na umri mchanganyiko, fungua na wote pamoja kwa dakika tano juu ya mada moja, kisha wakubwa waanze kazi iliyoandikwa ubaoni wakati wewe uko na wadogo, ambao hawawezi kusoma maelekezo. Baada ya dakika 12 badilishana: wadogo wachore walichokunja, wewe uhamie kwa wakubwa. Kazi ya ubaoni iwe na mfano mmoja uliokamilika, la sivyo utaitwa kila dakika.

Majibu ya swali la mwisho yagawe mafungu matatu: walioweza, waliokaribia, ambao bado. Usiyape alama. Likiwa fungu la tatu ni dogo, keti na hao watoto wakati wa kazi ya kesho. Likiwa zaidi ya nusu ya darasa, kesho usisonge mbele. Fundisha tena kwa kifaa tofauti.