Jinsi ya kuipima picha ya «She Wore a Yellow Ribbon» ukiwa nyumbani

Kazi yangu ni kufunga televisheni majumbani. Filamu ninayoitumia kupima seti mpya ni hii ya John Ford ya mwaka 1949, ambamo John Wayne ni Kapteni Nathan Brittles wa jeshi la farasi anayekaribia kustaafu. Winton Hoch alipata tuzo ya Oscar kwa upigaji picha wake wa rangi, na ukiitazama kwenye seti iliyopangwa vibaya humwoni Hoch kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu diski, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Safisha mipangilio ya televisheni. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya sinema, halafu zima kila kitu kinacholainisha mwendo. Filamu ina fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Televisheni ikijitungia nyingine za katikati, Sajenti Tyree, askari wa Brittles, anapokimbizwa na wapanda farasi utaona kama tamthilia ya runinga. Punguza ukali wa picha hadi karibu na sifuri, kwa sababu ukizidi huchora mstari mweupe kuzunguka kofia na milima.

Hatua ya 2: Kagua umbo. Picha yake ni ya 1.37 kwa 1, karibu mraba, hivyo kwenye seti ya kisasa lazima ubaki weusi kushoto na kulia. Wateja wengi huuchukia weusi huo na kubonyeza rimoti mpaka kioo kijae. Usifanye hivyo! Ukiivuta, kila mtu hunenepa kwa karibu asilimia 30. Ukiikuza, karibu robo ya picha hukatwa, na hapo ndipo mbingu ya Monument Valley, bonde la Marekani ilikopigwa filamu, inapopotea. Simamisha filamu penye gari la farasi utazame gurudumu. Likiwa kama yai, rekebisha.

Hatua ya 3: Tazama muda. Filamu ni ya dakika 103. Kwetu Afrika Mashariki DVD nyingi ni za PAL, mfumo wa picha za televisheni unaoenda kwa fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo filamu huisha kwenye dakika ya 99 hivi na sauti za watu hupanda kidogo. Si ubovu wa diski, ila sauti nzito ya Wayne inastahili mwendo wake.

Hatua ya 4: Rangi. Hapa usiwe na haraka. Kamera ya Technicolor, mfumo wa filamu za rangi wa wakati ule, ilipitisha mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe kwa pamoja, kila mmoja ukinasa sehemu yake ya rangi. Miaka ikipita mikanda husinyaa, wala haisinyai kwa kiasi kimoja. Isipopangwa sawasawa wakati wa kuinakili, kingo za vitu huota kivuli chekundu au cha kijani. Sogelea kioo, tazama mstari wa manjano kwenye suruali za askari: ukingo uwe safi. Kisha nenda makaburini, Brittles anapozungumza na marehemu mkewe chini ya machweo mekundu. Wekundu ule ushuke taratibu. Ukiona umegawanyika ngazi ngazi, au uso wa Wayne umeiva kama nyanya, punguza kiwango cha rangi na uchague joto la rangi lenye uvuguvugu. Mimi huitazama sehemu hii mara mbili, na kila mara huniingia moyoni.

Hatua ya 5: Ziache chenga. Vichengachenga laini vinavyotetema angani si hitilafu ya mawimbi. Ndiyo filamu yenyewe. Zima kipunguza chenga, la sivyo nyuso zitakuwa kama za nta na vumbi la kwato litageuka ukungu.

Sauti ni ya mkondo mmoja. Iache hivyo, zima sauti ya bandia ya kuzunguka chumba.

Kama hatua zote zimepita na picha bado ni hafifu, hapo sasa badili diski. DVD ya PAL ina mistari 576, Blu-ray ina 1080, na toleo la Blu-ray la Warner Archive la 2016 ndilo ninalolitumia mimi. Kabla ya kuagiza, uliza kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa: Afrika iko kanda B ya Blu-ray, Marekani kanda A. Ikifika, anzia kwenye msafara unaopita katika dhoruba ya radi. Radi ikimulika, uweze kuwatofautisha farasi mmoja mmoja gizani.