Miche ya vitunguu imedumaa baada ya dawa ya magugu? Tazama ncha za mizizi

Mkulima wa vitunguu Mang'ola, wilayani Karatu, ukinyunyiza dawa ya magugu yenye pendimethalini kisha miche ikadumaa, usikimbilie mbolea. Chimbua miche michache, suuza udongo, tazama mizizi. Mzizi mzima ni mwembamba na mweupe mpaka mwisho. Uliodhuriwa na dawa ni mfupi, na ncha imevimba kama rungu. Minyoo fundo nayo huvimbisha mizizi, ila mafundo yake hutokea popote kwenye mzizi, si nchani tu.

Kwa nini nchani? Ndani ya seli mna mirija midogo mno iitwayo mikrotubuli, yenye upana wa nanomita 25 hivi, iliyojengwa kwa protini ya tubulini. Ndiyo inayoelekeza nyuzi za selulosi zilale vipi kwenye ukuta wa seli, seli irefuke badala ya kutanuka ovyo. Haitulii: hujengwa na kubomoka muda wote chini ya usimamizi wa protini nyingine. Zipo zinazoirefusha, zipo zinazoifunga pamoja, na iitwayo katanini huikata ili ipangwe upya. Pendimethalini huing'ang'ania tubulini, mirija mipya isijengeke. Seli hushindwa kugawanyika, hutanuka pande zote, na nchani ndiko seli hugawanyika zaidi.

Masharti ya dawa hii yanatokana na hayo. Huua gugu linapochipua tu. Lililokwisha kuota halitikisiki, na ndago inayochipua kutoka kwenye viazi vyake ndiyo kabisa. Kwa hiyo palilia kwanza, lainisha mabonge, nyunyiza kwa kipimo na wakati ulioandikwa kwenye lebo, halafu mwagilia kidogo ili dawa ishike tabaka la juu. Ikikaa juani kwenye udongo mkavu hupotea bure. Mizizi ya miche ifukiwe chini ya tabaka hilo, hasa kwenye udongo wa kichanga. Kwenye kitalu cha mbegu, mimi siishauri.

Mabaki yake hukaa ardhini miezi kadhaa, basi usiharakishe kupanda ulezi hapo, hata kama unauhitaji kwa pombe ya mbege.

Wapo pia wanaorudia dawa ileile kila msimu. Nchini Marekani, nyasi moja ya jamii ya ulezi ilijenga usugu dhidi ya dawa za kundi hili baada ya tubulini yake kubadilika kidogo tu. Ukiona aina moja ya nyasi inabaki huku nyingine zimekufa, ing'oe kabla haijatoa mbegu, na msimu unaofuata tumia jembe au dawa ya kundi jingine.