Kusafisha mtutu wa bunduki ukiishi pwani: someni hapa kwanza

Kila wiki ujumbe ni ule ule: "Mkuu, nilipaka mafuta, mbona kutu?" Naandika mara moja. Ni kwa bunduki za bolti (kile chuma chenye mkono unachovuta kufungua na kufunga nyuma ya mtutu) zenye leseni, za vipimo vya .308, .30-06, .375 H&H. Gobole lina mambo yake.

1. Toa magazini na bolti, chungulia chemba (risasi inapokaa kabla ya kupigwa), kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi zikae chumba kingine.

2. Laza bunduki, mdomo wa mtutu uiname kidogo, dawa ya kusafishia isirudi kwenye kifyatuo na mbao ya kitako.

3. Fimbo ya kusafishia iingie kwa nyuma, upande wa chemba. Ukingo wa mdomo ndio wa mwisho kuguswa na risasi. Ukichubuka upande mmoja, gesi inawahi kutokea hapo na risasi inayumba. Fimbo iwe kipande kimoja, za kuunga hukwangua kwenye maungio.

4. Masizi ya baruti: vitambaa viwili vya dawa ya masizi, dakika 5, brashi ya bronzi mara 10. Itoke nje kabisa ndipo uirudishe. Kausha.

5. Shaba. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Koti la risasi ni shaba, na kila ukipiga linaacha utando ambao dawa ya masizi haiubandui. Dawa ya amonia inautafuna na kitambaa kinatoka bluu. USIILAZE usiku kucha. Soma chupa, nyingine mwisho wake dakika 15. Ikikaa kupita muda huo, chuma kinaliwa vishimo na hakuna fundi wa kuvijaza. Na usiikimbize bluu bila akili: kichwa cha fimbo (kinachoshika kitambaa) kikiwa cha shaba ya njano, dawa inakila chenyewe, kitambaa cha hamsini kitatoka bluu kama cha kwanza. Tumia kichwa cha plastiki. Kisha mulika tochi mdomoni: ukiona michirizi myekundu kandokando ya mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, bado. Madirisha wazi, na dawa mbili zisikutane mtutuni.

6. Vitambaa vikavu mpaka vitoke vyeupe, kisha kimoja chenye mafuta mepesi.

7. Kabla ya kupiga, kausha mtutu na chemba. Chemba yenye mafuta hailishiki ganda, mzigo wote unabebwa na bolti.

MASWALI

Kijana wa Chumbageni: Sijasoma yote mkuu, naweza kuingiza fimbo kwa mbele?
— Namba 3.

Kijana wa Chumbageni: Haraka tu, mara moja moja?
— Mtutu ni wako, na shabaha ni yako.

Mama Saadani: Shikamoo mwalimu. Mafuta ya nazi je? Ndiyo tuliyonayo nyumbani.
— Marahaba mama. Yaache jikoni. Yakipata baridi yanaganda, yakikaa yanachacha na kunata, bolti inakuwa nzito. Ya cherehani ni bora mara kumi.

Bin Pangani: Nafuata hatua zote, kutu bado. Naiweka kwenye mfuko wake wa ngozi.
— Mfuko ndio mchawi, ndugu yangu. Ngozi inashika unyevu, tena ina chumvi za kutengenezea ngozi. Mfuko ni wa safari. Kabatini bunduki ikae wazi, imefungiwa kwa kufuli. Masika ipanguse kila wiki, hata kama hukupiga.

Bin Pangani: Na risasi za kijeshi za zamani? Nasikia zinaleta kutu zenyewe.
— Swali zuri. Nyingi za Kisovieti za zamani fataki yake (kiwashio cha baruti) ina klorati ya potasiamu. Ikiwaka inaacha kloridi, ndugu wa chumvi ya mezani, inayovuta maji hewani. Mafuta hayaiyeyushi, yanaifunika tu. Siku hiyo hiyo pitisha vitambaa vya maji ya moto, kausha kabisa, ndipo uanze namba 4.

Mlenga Mbali: Nikisafisha, risasi ya kwanza inakwenda pembeni. Nirekebishe darubini?
— Usiiguse. Mtutu uliotoka kusafishwa hupiga tofauti. Piga mbili tatu kwenye kibao, ndipo uhukumu.

Mama Saadani: Na mchele kabatini kuvuta unyevu?
— Utafuga fukusi, mama. Kusanya vile vipakiti vya punje za kuvuta unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uviweke kabatini.